Pikoboli ya watu wawili na sheria ya jikoni

Michezo mingi tuipendayo hudai umati. Kandanda hutaka watu 22, mpira wa pete 14, mpira wa wavu 12, na hata bao linalochezwa barazani na watu wawili halinogi bila watazamaji kumi wanaojua kila kete kuliko wachezaji wenyewe. Mfanyakazi aliyetoka kazini saa kumi jioni, akabakiwa na saa mbili tu za mwanga kabla ya jua kuchwa, hawezi kuanza kupita mlango kwa mlango akitafuta wachezaji kama mtu akusanyaye mchango wa harusi. Aliye karibu naye ni mtu mmoja: mkewe, au mumewe, au mtoto aliyerudi kutoka shule, au jirani wa chumba cha pili. Kwa sababu hiyo, juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya mchezo unaotosheka na watu wawili. Mchezo wenyewe huitwa pikoboli. Asili yake ni Marekani na sheria zake si nyingi, lakini katika hizo chache zimo mbili tatu ambazo zikieleweka nusu nusu huweza kumgombanisha mtu na mkewe mpaka chakula cha usiku kikaliwa kimya.

Yafaa kwanza tuseme mchezo huu ulitoka wapi, maana asili yake ndiyo inayoeleza sheria zake. Katika kiangazi cha mwaka 1965, Joel Pritchard, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani, alirudi nyumbani kwake katika kisiwa cha Bainbridge, karibu na mji wa Seattle, akiwa na rafiki yake Bill Bell. Wakawakuta jamaa zao wamekaa tu, hawana la kufanya. Pale nyumbani palikuwa na kiwanja cha zamani cha mpira wa vinyoya, lakini vifaa vya mchezo huo havikutimia. Basi wakaokota vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupigiana juu ya wavu. Wavu ulikuwa umefungwa juu, futi 5, kama unavyotakiwa katika vinyoya. Walipoona kwamba mpira ule wadunda vizuri juu ya lami, wakaushusha wavu hadi inchi 36, yaani sentimita 91 na ushei. Juma la pili akaingia rafiki wa tatu, Barney McCallum, naye alipoona kwamba vibao vya mpira wa meza haviiwezi kazi hiyo, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi. Watu hao watatu ndio waliotunga sheria za kwanza, wakiegemea sana sheria za vinyoya, na shabaha yao ilikuwa moja: jamaa nzima, wakubwa kwa wadogo, iweze kucheza pamoja.

Neno la Kiingereza lililomo katika jina la mchezo maana yake ni achari, na wengi hudhani lazima pana habari ya chakula ndani yake. Hapana. Inaelezwa kwamba Joan, mke wa Pritchard, ndiye aliyeutia mchezo jina, akikumbuka mashindano ya mashua za makasia, ambamo wapiga makasia waliosalia baada ya wengine kuchaguliwa huwekwa pamoja katika chombo kimoja kiitwacho mashua ya achari. Na mchezo huu nao ulikuwa umeokotezwa vipande vipande kutoka michezo mingine. McCallum, kwa upande wake, alishikilia kwamba jina lilitokana na mbwa wa akina Pritchard, aitwaye Pickles, aliyekuwa akiukimbiza mpira na kutoweka nao. Wanaoshughulikia historia ya mchezo huu wanasema mbwa huyo alizaliwa mwaka 1968, miaka mitatu baada ya mchezo, kwa hiyo mbwa ndiye aliyerithi jina. Kesi hiyo tuwaachie wenyewe.

Sasa tuingie uwanjani. Urefu wa uwanja ni mita 13.41 na upana wake mita 6.10, sawasawa na uwanja wa vinyoya wa watu wanne. Penye uwanja wa vinyoya wenye sakafu ngumu, nusu ya kazi imekwisha. Pasipokuwa nao, chaki na kamba ya kupimia hutosha, mradi chini pawe pagumu na pasawa, maana mpira huu wa plastiki haudundi juu ya mchanga. Wavu hukatiza katikati, na kimo chake ni sentimita 91.4 penye mistari ya pembeni na 86.4 katikati. Kutoka kwenye wavu, kila upande, pimeni mita 2.13, kisha choreni mstari unaokatiza upana wote wa uwanja. Eneo lililo kati ya mstari huo na wavu ndilo lililokatazwa kupigia mpira hewani, na wachezaji wamelipa jina la jikoni. Sehemu inayobaki nyuma ya jikoni, yenye urefu wa mita 4.57, hugawanywa kwa mstari wa kati ili vipatikane vyumba viwili, cha kulia na cha kushoto, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 3.05.

Hapa pana jambo ambalo mtu aliyezoea tenisi au vinyoya hulisahau. Katika michezo hiyo miwili, wakicheza watu wawili badala ya wanne, uwanja hupunguzwa upana ili mmoja aweze kuulinda. Katika pikoboli haupunguzwi hata upana wa kidole. Mita zote 6.10 zilizokuwa zikilindwa na watu wawili, sasa azilinde mmoja. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: pikoboli ya wanne ni mchezo wa mikono na macho, ya wawili ni mchezo wa miguu. Lakini asiogope mtu kabla ya wakati. Uwanja mzima wa pikoboli ni mita za eneo 82 hivi, ambapo uwanja wa tenisi ya watu wawili ni 196 hivi. Nusu haifiki.

Kibao ni kikubwa kuliko cha mpira wa meza, ni kifupi kuliko raketi ya tenisi, wala hakina nyuzi. Urefu wake usizidi sentimita 43.18, na urefu huo ukijumlishwa na upana visizidi sentimita 60.96. Uzito haukuwekewa mpaka. Mpira huwa na matundu kati ya 26 na 40, na uzito wa gramu 22 hadi 26 na nusu. Vibao viuzwavyo madukani siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni na vitu vingine vya bei, tangu mhandisi mmoja wa kiwanda cha ndege cha Boeing, Arlen Paranto, alipochukua mabamba ya mfano wa sega la nyuki yatumiwayo katika sakafu za ndege, akatengenezea vibao vyepesi mwaka 1984. Kwa jamaa wanaojifunza, hatuoni sababu ya kuukimbilia mkopo. Seremala wa mtaani aliye na plaiwudi, msumeno na msasa aweza kufanya alivyofanya McCallum, na kibao chake kitamtosha mtoto mpaka ajulikane kama mchezo ameupenda kweli au alipenda kibao tu.

Anayeanza huamuliwa kwa kurusha sarafu au kwa njia nyingine yoyote ya haki. Mwanzishaji husimama nyuma ya mstari wa mwisho. Wakati anapoupiga mpira, mguu wake mmoja angalau uwe umegusa chini, wala mguu wowote usikanyage mstari ule wala uwanja wenyewe. Mpira hupigwa kwa mkono utokao chini kwenda juu, upigwe chini ya kiuno, na kichwa cha kibao kisipande juu ya kifundo cha mkono. Mtoto au mzee anayeona taabu kuyatimiza hayo yote kwa mara moja anayo njia ya pili, iliyoingizwa katika sheria mwaka 2021 kwa majaribio na baadaye ikathibitishwa: auachie mpira uanguke wenyewe kutoka mkononi, udunde, ndipo aupige. Akitumia njia hiyo, masharti ya kiuno na kifundo hayamhusu, ila asiurushe juu wala kuusukuma chini.

Mpira huo wa kwanza lazima uende mshazari, uvuke jikoni, uangukie ndani ya chumba kilichomkabili mwanzishaji kwa mshazari. Ukiangukia jikoni, au ukigusa tu mstari wa jikoni, ni kosa; mistari mingine ya chumba hicho ni salama. Zamani mpira wa kwanza uliogusa wavu kisha ukaangukia mahali pake ulirudiwa. Tangu mwaka 2021 haurudiwi; mchezo unaendelea, na mpokeaji aliyekuwa amekwisha tulia akidhani utarudiwa ajilaumu mwenyewe. Tena mwanzishaji ana nafasi moja tu. Hakuna ile huruma ya tenisi ya kupewa mpira wa pili.

Inafuata sheria ya kudunda mara mbili, nayo ndiyo inayoupa mchezo huu heshima yake. Mpira wa kwanza hauna budi kudunda kwa mpokeaji kabla hajaupiga. Anapoupiga kurudisha, nao hauna budi kudunda kwa mwanzishaji kabla hajaupiga. Baada ya hapo kila mmoja yuko huru kuupiga hewani au kuungoja udunde mara moja. Maana yake ni nini? Ni kwamba mwanzishaji mwenye nguvu hawezi kupiga mpira wa kwanza kisha akaukimbilia wavu na kuumaliza ugomvi kwa pigo la pili. Analazimika kukaa nyuma, aungoje urudi, udunde. Ambaye sheria inampa nafasi ya kusogea mbele kwanza ni mpokeaji. Kwa hiyo kuanzisha, ambako katika tenisi ni silaha kali, katika pikoboli ni kama kubisha hodi.

Hesabu ya pointi ndiyo huwachanganya wageni wa mchezo, basi tuieleze kwa mfano wa mama na mwanawe. Pointi hupata anayeanzisha tu. Mpokeaji akishinda pigano hapati pointi. Anachopata ni haki ya kuanzisha. Na mahali pa kusimama wakati wa kuanzisha hufuata pointi za mwanzishaji mwenyewe: zikiwa shufwa, yaani 0, 2, 4 na kuendelea, husimama kulia, zikiwa witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, husimama kushoto. Kabla ya kupiga hutaja hesabu kwa sauti, zake kwanza, kisha za mwenzake, na baada ya kutaja ana sekunde 10 za kupiga.

Mama anaanza, yuko kulia, anataja: sufuri, sufuri. Anashinda. Anahamia kushoto: moja, sufuri. Anashinda tena, anarudi kulia: mbili, sufuri. Safari hii mpira wake unakwama wavuni. Mwana hakupata pointi, ila sasa ndiye mwanzishaji. Pointi zake ni sufuri, nayo ni shufwa, kwa hiyo anasimama kulia na kutaja: sufuri, mbili. Anashinda, anahamia kushoto: moja, mbili. Anapiga mpira nje. Haki ya kuanzisha inarudi kwa mama, naye ana pointi 2, basi yuko kulia: mbili, moja. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mahali mtu aliposimama panatoboa siri ya pointi zake. Wakibishana juu ya hesabu, wajiulize mwanzishaji alikuwa upande gani. Jibu likipatikana, nusu ya ubishi imekwisha. Wa kwanza kufikisha pointi 11 ndiye mshindi, mradi amempita mwenzake kwa 2. Ikiwa 11 kwa 10, wanaendelea mpaka tofauti ipatikane, hata kama maghrib imeingia.

Sasa jikoni. Tuchukue mfano wa bwana na bibi wanaocheza jioni ya Jumamosi. Bibi anarudisha mpira wa juu, laini. Bwana yuko nyuma kidogo ya mstari wa jikoni. Anauona mpira unakuja kama embe lililoiva, anaruka, anaupiga hewani kwa nguvu zake zote. Mpira unaanguka ndani, unadunda, unatoka nje ya uwanja, bibi hakuugusa. Bwana, kwa kasi ya pigo lake, anachukua hatua moja mbele, na ncha ya kiatu chake inaukanyaga mstari wa jikoni.

"Pointi yangu, mama watoto," anasema, huku akijifuta jasho.

"La, baba watoto. Tazama mguu wako."

"Mguu umeingia baada ya mpira kufa! Mpira ulikwisha toka nje, ukafika hata kwenye ua. Mchezo ulikuwa umekwisha."

Mwenye haki ni bibi. Sheria inasema kwamba anayepiga mpira hewani asiguse jikoni wala mstari wake wakati wa kupiga, na tena asipelekwe huko na kasi ya pigo lenyewe; na kasi hiyo huhesabiwa hata kama mpira umekwisha kufa zamani. Mpaka mwili wake utulie, pigo lake halijakwisha. Wala si mguu tu. Kofia ikimdondoka ikaangukia jikoni kwa sababu ya pigo hilo, au kibao kikimtoka mkononi kikaangukia humo, ni kosa vile vile. Bwana amepoteza pigano lililokuwa zuri kweli kweli, na yafaa alipoteze kwa uungwana.

Kwa nini ukali wote huu? Fikirini uwanja usio na sheria hiyo. Wavu haumfiki mtu mzima kifuani. Mtu mrefu angesimama kando ya wavu, mkono umeinuliwa, akaponda kila mpira unaovuka, na mtoto wake wa miaka 10 angekuwa na kazi moja tu ya kwenda kuokota mipira kichakani. Jikoni humrudisha nyuma yule mwenye kimo na nguvu, mita 2 na zaidi, na kumpa mdogo nafasi ya kupumua. Bila mstari ule, shabaha ya jamaa nzima kucheza pamoja ingekuwa maneno matupu.

Hata hivyo liko kosa la upande wa pili ambalo wanaoanza hulifanya: huliogopa eneo lile kama nyumba yenye mbwa mkali. Jikoni hapakukatazwa kuingia. Ni ruhusa kuingia wakati wowote, na mpira uliodunda humo ni lazima ufuatwe humo humo na kupigwa. Kinachokatazwa ni kuupiga mpira ambao haujadunda ukiwa umo ndani. Na aliyeingia, kabla hajapiga mpira wa hewani tena, hana budi kutoka na kuweka miguu yote miwili nje ya mstari. Mguu mmoja nje na mmoja hewani haitoshi, wala kuruka kutoka ndani na kuupigia mpira angani hakumwokoi. Wapo mabwana waliozoea kujisifu kwamba wao jikoni hawaingii. Mchezo huu hauna habari nao, maana mpira laini ukidundia huko wasiingie, pointi imekwenda.

Tumefika penye jambo zito kuliko yote, nalo si la miguu wala la mikono. Watu wawili wakicheza jioni uani hawana refa. Ni nani atakayesema mpira umeingia au umetoka? Sheria inajibu wazi: kila mchezaji huamua mistari ya upande wake mwenyewe. Mpira ulioupiga wewe ukaanguka kwangu, mimi ndiye mwamuzi. Ni kama duka lisilo na mwuzaji, ambamo mteja huchukua sukari na kujirudishia chenji. Kwa hiyo sheria ikaongeza masharti. Mpira uliogusa mstari umeingia. Nisiseme umetoka ila nimeona kwa macho yangu nafasi kati ya mstari na mpira. Nikiwa na shaka, shaka hiyo ni mali ya mwenzangu: mpira umeingia. Nikitangaza, nitangaze papo hapo, si baada ya kuona kwamba pigo langu la kurudisha limekwama wavuni. Naweza kumwuliza mwenzangu kama yeye aliona vizuri. Akisema wazi, kauli yake ndiyo itakayokuwa. Lakini watazamaji wasiulizwe kamwe, na hapo ndipo wadogo zake mtoto anayecheza, walioketi ukutani wakipiga kelele kwamba mpira wa baba umetoka, wanapopaswa kuambiwa wanyamaze.

Sasa fikirini baba anayecheza na binti yake wa miaka 12. Baba anapiga mpira mkali, unaangukia karibu sana na mstari wa mwisho. Binti anasema: umetoka. Baba, kutoka kwake mbali, anaamini umeingia. Katika desturi zetu mtoto hambishii mkubwa, na mtoto aliyelelewa vizuri akimwona baba amekunja uso atasema haraka, "Shikamoo baba, labda umeingia." Kwa sheria za mchezo huu, baba hana mamlaka yoyote juu ya mstari ule. Binti ndiye hakimu wake, na hukumu yake ni halali sawa na ya mtu mzima. Baba akiikunjia uso hukumu hiyo mara tatu, atakuwa ameshinda mchezo na amemfundisha mtoto kwamba ukweli hupimwa kwa kimo cha anayesikiliza. Vivyo hivyo, baba akiona mpira wa binti umegusa ukingo wa mstari upande wake, na hakuna mwingine aliyeona, aseme "umeingia" kwa sauti ile ile ambayo angetumia kusema "umetoka". Sisi tunaona kwamba katika saa nzima ya mchezo hakuna pigo gumu zaidi kuliko neno hilo moja.

Makosa mengine tuyapitie upesi. Mpira ukidunda mara mbili upande wako kabla hujaupiga, umekosa. Ukigusa wavu au nguzo zake kwa mwili, nguo au kibao wakati mpira ungali hai, umekosa. Mpira ukikugusa mwilini au nguoni, umekosa, hata kama umesimama nje ya uwanja na mpira wenyewe ulikuwa unakwenda nje; kwa hiyo usiudake mpira kwa ukarimu ukidhani unamsaidia mwenzako asiufuate mbali. Uache uanguke. Lakini mpira uliopita nje ya nguzo ya wavu, ukazunguka na kuanguka ndani, ni halali, hata kama umepita chini kuliko kimo cha wavu.

Kuhusu mbinu, mchezaji wa peke yake asimame karibu na mstari wa kati anapoanzisha, ili asiache upande mmoja wazi, na mpira wake aupeleke mbali, karibu na mstari wa mwisho wa mwenzake. Mpokeaji naye arudishe mbali, kisha asogee mbele mpaka karibu na jikoni, kwani mwanzishaji, kama tulivyosema, yuko nyuma anangoja mpira udunde. Aliyebaki nyuma atafute kuupitisha mpira ubavuni mwa yule aliyesogea. Mengine miguu itajifunza yenyewe.

Kwa wenzetu wenye umri, neno la tahadhari. Huko Marekani, ambako mchezo huu umeenea kwa kasi tangu mwaka 2020 na wastaafu wengi wameuingia, kuanguka ndiko kunakowaumiza wazee zaidi, nako hutokea mara nyingi mtu anapoufuata kinyumenyume mpira uliompita juu ya kichwa. Mpira wa namna hiyo ukikupita, geuka kwanza, ndipo ukimbie, ama uuache. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, si kandambili. Na anayetoka ofisini, aliyekaa kitini tangu asubuhi, atembee na kujinyoosha dakika chache kabla ya pigo la kwanza, maana mshipa wa kisigino haujui kwamba saa ya kazi imekwisha. Jambo jingine ni kelele. Mlio wa mpira mgumu juu ya kibao kigumu umewapeleka majirani wengi wa huko mbele ya halmashauri za miji yao. Kwenye nyumba zilizobanana, mchezo ukome kabla watoto wachanga hawajalazwa.

Kama kuna msomaji anayedhani kwamba mchezo uliobuniwa kuwaondolea watu uvivu hauwezi kumfikisha mtoto mbali, asikie habari ya Anna Leigh Waters. Mwaka 2017, kimbunga kilichoitwa Irma kilipoikaribia Florida, mtoto huyo na mama yake, Leigh, walikimbilia Pennsylvania kwa babu. Babu alikuwa mpenzi wa pikoboli, akawasihi wajaribu. Binti alikuwa na miaka 10. Mwaka 2019, akiwa na miaka 12, alianza kucheza mashindano ya kulipwa, mama yake akiwa mwenzi wake upande mmoja wa wavu, na baadaye akawa bingwa wa kuogopwa katika mchezo wa wawili vile vile. Babu alichotaka ni watu wa kucheza nao tu.

Kwa wale ambao magoti hayawaruhusu kuulinda uwanja mzima, wachezaji wamejitengenezea desturi ya kutumia nusu: kila mmoja analinda chumba kimoja tu, ama kile kinachomkabili mwenzake moja kwa moja, ama cha mshazari, na mpira unaoangukia chumba kingine huhesabiwa umetoka. Jikoni inabaki pale pale na masharti yake yote. Na mchezaji aliye katika kiti cha magurudumu anaruhusiwa na sheria kuungoja mpira udunde mara mbili kabla ya kuupiga, hata kama mwenzake anasimama kwa miguu yake na hana ruhusa hiyo.

Juma lijalo tutaeleza mchezo wa watu wanne, ambamo mwanzishaji hutaja tarakimu tatu badala ya mbili, na ambamo mtu huweza kugombana hata na aliye upande wake.